Kifundo cha mkono kimevimba: umevunjika au umeteguka tu? Jinsi ya kukisia kabla ya eksirei

Mvua ikianza hapa Busia, upande wa Uganda, mi huwa najua wiki hiyo nitaona vifundo vya mikono. Barabara ya udongo inakuwa kama imepakwa sabuni, mama amebeba beseni la mukene, wale samaki wadogo, kichwani anateleza anatanguliza kiganja, kijana wa boda anakwepa shimo anaruka mbele anatanguliza kiganja, mzee katoka msalani usiku umeme hakuna, naye kiganja. Mtu akianguka mkono ndo unatangulia, hatuamui, mwili unaamua wenyewe. Alafu kesho yake swali ni lile lile: umevunjika au umeteguka tu?

Mi ni klinikal ofisa kwenye kituo cha afya, si dakitari wa mifupa, na kituo chetu hakina eksirei. Kwa hivo karibu kila siku lazima nikisie, huyu aende hospitali sa hii hii usiku, huyu asubuhi, huyu apumzike nyumbani arudi nimwangalie tena. Nataka nikuonyeshe vile ninavyokisia, uwe nesi, uwe VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, uwe mtu tu ambaye dada yake ameanguka na mnaangaliana hamjui mfanye nini. Haya ni ya watu wazima, kuanzia miaka 18 kupanda. Mifupa ya mtoto bado inakua na inavunjika kwa njia zake, mtoto usimpime kwa maneno haya, mpeleke.

Kabla ya kitu chochote tutoe uongo mmoja ambao unanikera kuliko yote. Ati "chezesha vidole, vikicheza mkono haujavunjika". Si kweli. Misuli mikubwa inayokunja na kunyosha vidole haikai kwenye kifundo, inakaa huku juu kwenye mkono, karibu na kisukusuku, inavuta vidole kwa kano ndefu zinazopita juu ya mifupa ya kifundo kama waya za breki za baiskeli. Mfupa unaweza kuwa umekatika kabisa na waya ziko nzima, vidole vinacheza. Shangazi yangu aliteleza karibu na soko akakaa nyumbani siku nne kwa ajili ya hilo neno. Nilipofika namuuliza, "Shangazi, mkono vipi?" akanijibu, "Unacheza mwanangu, ona," akanikunjia vidole vitano vizuri kabisa. Nikaweka kidole changu kimoja juu ya mfupa wa upande wa gumba, kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye kifundo kupanda juu, hata sijabonyeza sawasawa akauvuta mkono: "Hapo wacha. Hapo wacha kabisa." Picha ilionyesha mfupa umekatika na kipande kimeanza kurudi nyuma, na kwa sababu zilikuwa zimepita siku nne kukirudisha mahali pake kulikuwa na kazi kuliko vile kungekuwa siku ya kwanza.

Mfupa huo aliovunja shangazi ndo unaovunjika zaidi ya yote kwa watu wanaoanguka na kiganja. Dakitari mmoja wa Dublin, Abraham Colles, aliueleza mwaka 1814, na eksirei ilikuja kugunduliwa na Mjerumani Röntgen mwaka 1895. Hesabu mwenyewe, miaka 81 kabla ya picha yoyote mtu aliweza kujua mfupa umevunjika wapi na umeelekea wapi, kwa macho na vidole tu. Huwa nakumbuka hiyo kila nikiwa na mgonjwa usiku na hospitali iko mbali. Picha tunaihitaji, lakini mikono yetu nayo inajua mengi tukiitumia kwa mpangilio.

Anza na maswali, mkono uache kwanza

Muulize alianguka vipi na kutoka wapi. Kuanguka ukiwa umesimama tu chini, na kurushwa na pikipiki inayokimbia, ni vitu viwili tofauti. Aliyerushwa na pikipiki mi namhesabu amevunjika mpaka nithibitishiwe vingine, na kabla ya kifundo namuuliza kichwa, shingo, kifua, tumbo, manake kifundo hakiui mtu lakini hivo vingine vinaua huku wote mnaangalia mkono.

Umri. Hapa watu wengi wanakosea, wanaona mama wa miaka 60 kaanguka kidogo tu kwenye veranda wanasema hiyo haiwezi kuvunja. Inaweza sana. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa inapungua nguvu, na mwisho wa ule mfupa wa upande wa gumba ni kati ya sehemu za kwanza kuonyesha. Kwa hivo umri ukipanda, tuhuma yako nayo ipande, hasa kwa akina mama kuanzia miaka 50, na pia kwa mtu yeyote aliyekunywa dawa kama prednisoloni kwa miezi mingi. Kijana wa kiume wa miaka 20 na kitu ana hatari yake nyingine, nitakuja kwake, ana mfupa mdogo unaojificha.

Muulize pia alisikia kitu kikilia "ka" au alihisi kukatika. Wengine wanasikia kweli, wengine hawasikii chochote na bado wamevunjika, kwa hivo ukipata "ndiyo" iweke kwenye hesabu, ukipata "hapana" usiitegemee. Na muulize je aliumia mkono huo huo zamani, manake umbo la zamani lililopinda linaweza kukudanganya.

Angalia mikono yote miwili

Weka mikono yote miwili juu ya meza au juu ya mapaja, viganja chini, mkono mzima ndo kipimo chako. Toa pete, bangili, saa, sa hii kabla uvimbe haujazidi, ukichelewa mtaikata pete hiyo. Alafu inama uangalie kwa pembeni, usawa wa meza. Mfupa ukivunjika na kipande kurudi nyuma, mgongo wa mkono unapanda alafu unashuka, kama uma uliolazwa kifudifudi. Ukiona umbo hilo hakuna haja ya kubonyeza wala kumtesa mtu, umeshapata jibu, ruka moja kwa moja kwenye kufunga mkono na kumpeleka. Aliyeanguka na mgongo wa mkono badala ya kiganja anaweza kupinda upande wa pili, kuelekea kiganjani, naye ni vile vile.

Kama haujapinda angalia uvimbe. Uvimbe wa duara lote la kifundo, ambao umekuja ndani ya saa chache, una uzito kuliko kauvimbe ka sehemu moja. Rangi ya damu chini ya ngozi kwetu weusi haionekani haraka, usisubiri kuona bluu, linganisha tu mikunjo ya ngozi ya mkono mzima na ule mwingine, iliyopotea inakuambia kuna maji au damu ndani. Na tazama ngozi yote, mgongoni na kiganjani, kama kuna kidonda hata kadogo kama tundu la sindano karibu na pale panapouma. Mfupa unaweza kutoboa ngozi ukarudi ndani. Hicho kidonda kinabadilisha kila kitu.

Kubonyeza: kidole kimoja, polepole, anza mbali

Watu wanakosea hapa kwa kukamata kifundo chote kwa kiganja na kukikamua. Ukikamua kila mtu atalia na hautajua chochote. Tumia ncha ya kidole kimoja. Mwambie mgonjwa, "Mama, nitagusa polepole, pale panapouma kweli kweli uniambie," alafu anza mbali na maumivu, karibu na kisukusuku, ushuke. Hiyo pia inakusaidia kukamata mtu aliyevunjika juu zaidi huku analalamikia kifundo.

Shuka kwenye mfupa wa upande wa gumba mpaka karibu na kifundo. Unatafuta maumivu makali juu ya mfupa wenyewe, mahali pamoja, ambapo ukirudi tena baada ya dakika mbili bado ni pale pale. Alafu upande wa kidole kidogo, kwenye kile kinundu cha mviringo ambacho sote tunacho mgongoni mwa kifundo. Kikiuma peke yake mara nyingi ni ncha ndogo iliyong'oka au mishipa ya pembeni, kikiuma pamoja na upande wa gumba basi tuhuma inapanda.

Sasa tufike kwa kijana wa boda. Mwambie ainue gumba juu kama anayesema sawa. Chini ya gumba, upande wa mgongo wa mkono, kano mbili zinasimama na katikati yake panakuwa na kishimo. Wazee wa ugoro wanapajua vizuri, ndo pale wanapomwaga ugoro kabla ya kuvuta puani. Ndani ya kishimo hicho kuna mfupa unaitwa skafoidi, mdogo kama korosho, jina lake limetokana na mtumbwi. Bonyeza hapo kwa ncha ya kidole. Kisha geuza mkono, upande wa kiganja, pale chini ya mzizi wa gumba kwenye mstari wa kifundo utahisi kinundu kigumu, bonyeza nacho, ni mfupa ule ule kwa mbele. Kisha shika gumba lake ulisukume polepole kuelekea kwenye kifundo, kwa urefu wake, kama unalirudisha ndani. Hivo ni vipimo vitatu. Kila kimoja peke yake kinadanganya, manake hicho kishimo hata kwa mtu asiyeumia ukikibonyeza kwa nguvu kinauma, ndo maana lazima ulinganishe na mkono wa pili. Lakini vikiuma vyote vitatu na mkono mwingine hauumi, mi sihitaji picha kuniambia nimfunge, nimeshamfunga na gumba lake ndani.

Kwa nini nakikazania hicho kimfupa? Kwa sababu damu yake inaingilia mwisho wa mbele, karibu na vidole, na inarudi nyuma kulisha sehemu ya karibu na mkono. Kikivunjika katikati ile sehemu ya nyuma inaweza kubaki bila damu, isiunge, ife, na miaka kadhaa baadaye kijana ana kifundo cha mzee. Na ubaya wake ni kwamba hakipindi, hakivimbi sana, kinauma kama mteguko wa kawaida, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza kukipita bila kuonyesha ufa.

Shemeji yangu anaendesha boda. Alianguka, akaenda kliniki moja, akapigwa picha, akaambiwa ni safi rudi kazini, akapewa diklofenaki ya maumivu. Alinipita barabarani wiki mbili baadaye nikaona breki anaikamata kwa vidole viwili tu. "Shemeji, mbona hivo?" "Aa, kifundo kinasumbua kidogo lakini picha ilikuwa safi." Nikamshika kishimo cha ugoro pale pale kwenye stendi, akakunja uso. Picha ya pili ikaonyesha ufa waziwazi katikati ya skafoidi. Alikaa na plasta karibu miezi mitatu. Hakuna aliyemdanganya, picha ya kwanza ilikuwa safi kweli, ila hakuna aliyemwambia kwamba picha safi pamoja na kishimo kinachouma maana yake ni rudi.

Kumsogeza

Kama umeshaona mkono umepinda au umepata maumivu makali juu ya mfupa, hii sehemu iache, haina cha kuongeza zaidi ya kumuumiza. Ni ya wale wa katikati, wenye uvimbe kidogo na maumivu yasiyoeleweka. Asogeze mwenyewe, usimsogeze wewe. Akunje kifundo kuelekea kiganjani. Akipeleke upande wa gumba, kisha upande wa kidole kidogo. Alafu kisukusuku kikiwa kimebana mbavuni ageuze kiganja kitazame juu kama anayeomba dua au anayepokea chenji, hii mi naiamini sana, mtu aliyevunjika mfupa wa upande wa gumba anaanza vizuri anafika nusu anasimama, au anainua bega zima kusaidia. Mwisho akamate vidole vyako viwili kwa kila mkono abane. Mkono uliovunjika unabana kidogo sana ukilinganisha na wa pili.

Sasa unajumlisha vipi

Kwa kifundo cha mguu kuna kanuni rahisi zilizotoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992, unabonyeza sehemu chache, unamwambia apige hatua nne, na ukikosa dalili unaweza kumwacha bila picha kwa amani. Watu wananiuliza za mkono ziko wapi. Za mkono hazijawa rahisi hivo. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitoa kanuni zinazoitwa za Amsterdam, za watu wazima, na ukizitazama utaona karibu yote ni haya haya tuliyopitia: umri, uvimbe, umbo lililopinda, maumivu ukibonyeza mwisho wa mfupa wa upande wa gumba, maumivu akikunja kuelekea kiganjani, maumivu akigeuza kiganja juu, na maumivu ukiichezesha ile mifupa miwili, wa upande wa gumba na wa upande wa kidole kidogo, mmoja dhidi ya mwingine. Unaviweka kwenye hesabu, si ya kufanya kichwani, inakupa uwezekano wa kuvunjika. Walipozijaribu zilikamata kama 98 kati ya kila 100 waliovunjika mwisho wa mfupa huo. Lakini kwa wale ambao hawakuvunjika, ni kama 21 tu kati ya 100 ndo waliambiwa hawahitaji picha, wengine wote bado walitumwa.

Kwangu hiyo namba ya pili ndo ya kufikiria. Maana yake dalili za kifundo ni nzuri sana kumwambia mtu "nenda" na ni dhaifu kumwambia "usiende". Kwa hivo mi sitafuti dalili moja ya ajabu, najumlisha. Mkono umepinda: umevunjika, au kiungo kimetoka, kwa vyovyote hospitali. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa pamoja na uvimbe: hospitali, hata kama vidole vinacheza, hata kama ameendesha mwenyewe mpaka hapa. Miaka 50 na zaidi na maumivu juu ya mfupa, hata uvimbe mdogo: hospitali. Vipimo vya kishimo cha ugoro vinauma: mfunge na gumba, hospitali, na ajue atarudia picha. Yule wa kubaki nyumbani ni kijana ambaye hana uvimbe wa maana, mfupa hauumi popote ukibonyeza kwa kidole kimoja, anageuza kiganja mpaka mwisho, anabana karibu sawa mikono yote. Huyo namfunga bandeji, anapumzika, na namwambia baada ya siku tatu mpaka tano arudi, maumivu yakiwa yale yale au yamezidi tunaanza upya.

Wa usiku huu huu, hata kama ni saa nane

Kidonda karibu na mahali palipovunjika: kifunike kwa kitambaa safi, usiingize dawa ya unga wala majani, aende, anahitaji antibiotiki mapema, kuoshwa vizuri na sindano ya pepopunda. Vidole baridi au vyeupe: bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe uachilie, rangi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili" polepole, ikichelewa kuliko mkono wa pili ni dharura. Ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ikiwa inazidi: neva imebanwa. Na maumivu yanayopanda badala ya kushuka, ambapo ukinyosha vidole vyake wewe taratibu anapiga kelele na mkono umekaza kama ubao: presha ndani ya misuli inaua misuli yenyewe, na hapo kuna saa chache tu za kuuokoa mkono. Hawa wasisubiri gari la asubuhi.

Kuufunga kwa safari

Boksi la karatasi ngumu, lile la sabuni au biskuti, linatosha kabisa. Likate urefu kutoka karibu na kisukusuku mpaka kwenye mizizi ya vidole, likunje kama mfereji, tandika kitambaa laini au pamba ndani, laza mkono ndani vile vile ulivyokuwa. Usivute, usinyoshe, usijaribu kurudisha umbo, hiyo ni kazi ya mtu mwenye dawa ya ganzi. Funga kwa vipande vya kitenge, kimoja juu kimoja chini, fundo lisikae juu ya panapouma, na vidole vibaki nje uvione. Kama ni kishimo cha ugoro, boksi lishike na gumba pia. Ukimaliza pima ukucha tena, na uliza tena ganzi, kama imekuja baada ya kufunga basi umekaza, legeza. Leso shingoni, kiganja kikae juu kidogo kuliko kisukusuku. Soda baridi iliyofungwa kwenye taulo dakika kumi na tano hivi inapunguza uvimbe. Parasetamo anaweza kumeza.

Kuchua hapana. Najua hapa kwetu mtu akianguka kitu cha kwanza ni mafuta na kuchuliwa, maji ya moto, alafu kwa muunga mifupa mwenye vijiti. Sitaki kumtukana mtu, hao wazee wanaaminiwa na mara nyingi ndo walio karibu na ndo watu wanaweza kuwalipa. Lakini nimeona mkono uliofungwa vijiti na kamba siku tatu, umekaza, mgonjwa analia ganzi anaambiwa vumilia ndo unaunga, tulipofungua vidole vilikuwa vyeusi. Kama lazima umpeleke huko basi angalau shika mambo mawili, asichuliwe palipovunjika, na kamba ikileta ganzi au vidole baridi ifunguliwe dakika hiyo hiyo, mwenye vijiti akubali asikubali.

Ukifika kwa picha

Hapa Uganda kituo cha afya cha ngazi ya tatu usitegemee eksirei, cha ngazi ya nne baadhi wanazo, hospitali ya wilaya na za rufaa kama Mbale au Jinja ndo pa uhakika zaidi, na piga simu kwanza uulize kama mashine na umeme vipo leo, nimeshaona watu wanatumia nauli mara mbili. Picha zisipungue mbili, moja ya mbele na moja ya pembeni, ya pembeni ndo inayoonyesha kipande kilichorudi nyuma, na pia vile vimifupa vya katikati vilivyotoka mahali pake kwa aliyerushwa na pikipiki, hivo vinapitwa sana kwenye picha ya mbele. Kama kishimo cha ugoro kilikuwa kinauma sema wazi, "Naomba na ya skafoidi," manake ina mkao wake, kiganja kinapelekwa upande wa kidole kidogo ili mfupa unyooke. Mahali pengine mashine ya picha imekufa lakini ile skani ya akina mama wajawazito inafanya kazi. Mtu aliyefundishwa anaweza kuona nayo ufa kwenye mwisho wa mfupa wa upande wa gumba, inafaa kuuliza, ila kwa skafoidi nisingeitegemea.

Picha ikiwa safi na kishimo bado kinauma, asivuliwe. Abaki na plasta au banzi lenye gumba, picha irudiwe baada ya siku 10 mpaka 14, wakati huo ufa uliojificha huwa umeanza kuonekana. Mfupa wa shangazi ulihitaji kama wiki sita, skafoidi inaenda wiki nane mpaka kumi na mbili, wakati mwingine zaidi. Ndani ya muda huo wote vidole, kisukusuku na bega vichezeshwe kila siku, shangazi alikuwa anachambua maharage na plasta yake na ilimsaidia sana.

Na plasta ikishakauka, chukua kalamu uandike juu yake tarehe ya kuanguka na tarehe ya picha ya pili. Karatasi ya hospitali inapotea, simu inaibiwa kwenye teksi, lakini plasta haipotei. Shemeji yangu ya kwake niliiandika kwa maka peni nyekundu, kubwa, upande anaouona akikamata breki.